Hofu Iingiayo kwa Sikio

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kusoma humu habari za miiko, mafumbo, mithali na majina ya watu, na labda watashangaa kukuta leo habari ya sinema. Lakini iko sinema ya kutisha ambayo jambo lake lote ni lugha. Ndani yake hamna mnyama mkali wala mzuka. Kiuacho ni neno lenyewe, na karibu habari yote hufanyika mahali pamoja palipofungwa. Sinema ya namna hiyo ni haki yetu kuipima, sisi tunaofundisha watu kusoma na kusema, kwa kuwa inagusa kazi yetu kuliko picha nyingine yo yote. Tena vijana wa Handeni na Korogwe hutazama sinema za kutisha kila juma, wengine katika vibanda vya video ambavyo wenyewe huviita vibanda umiza, wengine katika simu zao. Mwalimu akiulizwa juu ya jambo hilo mara nyingi hujibu kwamba ni upuuzi, kisha hugeukia kazi nyingine. Jibu hilo halimfundishi kijana kuchagua.

Nataka kuonyesha mambo mawili. La kwanza, kwamba sinema hii imeona kweli jambo ambalo wazee wetu walilijua zamani, yaani kwamba neno ni tendo, na kwamba hofu kubwa huingia kwa sikio wakati mlango umefungwa. La pili, kwamba imekosea pale inapolifanya neno kuwa ugonjwa. Maana ugonjwa hauna mwenyewe, bali neno lina mwenyewe.

Hofu ina milango miwili mwilini, jicho na sikio. Watengenezaji wengi wa sinema hupitia mlango wa jicho. Kwetu Tanzania ndivyo ilivyokuwa katika miaka ya kwanza ya karne hii, Mussa Banzi alipotoa Nsyuka, iliyochukua jina lake katika masimulizi ya Wanyakyusa, na baadaye Shumileta, yenye habari za jini mwanamke. Kazi hizo zastahili sifa, kwa kuwa mtengenezaji wake aliona kwamba hofu za kwetu zafaa kusimuliwa kwa Kiswahili, katika nyumba na mitaa tunayoijua, wala hakungoja mgeni aje kutusimulia. Lakini nguvu ya picha za namna hii hutegemea sura ya mzuka, meno yake na mavazi yake. Na kitu kilichokwisha kuonekana chaweza kupimwa. Mara ya kwanza mtoto huogopa. Mara ya pili huangalia jinsi rangi ilivyopakwa. Mara ya tatu hucheka.

Sikio si kama jicho. Jicho lina kope, nawe waweza kulifumba; sikio halina kifuniko. Mtu aliyelala ndani, taa imezimwa na komeo limetiwa, akisikia nyayo nje ya ukuta hana la kupima. Hujiumbia mwenyewe kile asichokiona, naye hukiumba kwa kadiri ya hofu yake. Ndiyo sababu masimulizi ya usiku yalikuwa na nguvu kubwa katika nyumba za wazee wetu, ingawa msimulizi hakuwa na kitu ila sauti yake.

Basi sinema niisemayo yaitwa Pontypool. Ilitolewa Kanada mwaka 2008. Aliyeiongoza ni Bruce McDonald, na aliyeiandika ni Tony Burgess, kutokana na kitabu chake mwenyewe. Pontypool ni kijiji katika jimbo la Ontario. Mtangazaji wa radio aitwaye Grant Mazzy, mtu mwenye sauti nzito na maneno mengi, afika kazini alfajiri wakati wa theluji na baridi kali. Chumba cha kutangazia kimo chini ya sakafu ya kanisa, wala hakina madirisha ya kuonyesha mambo ya nje. Pamoja naye wako Sydney Briar, msimamizi wa kipindi, na Laurel-Ann, msichana atunzaye mitambo. Asubuhi yaanza kwa habari ndogo ndogo za kijiji. Kisha habari zaja kwa simu kwamba umati wa watu umeizunguka ofisi ya daktari mmoja, nao wasema maneno yasiyo na maana, tena wanaua.

Mtazamaji hauoni umati huo. Ausikia katika sauti ya Ken Loney, mtu wa kuleta habari za barabarani, ambaye wasikilizaji wamefanywa waamini kwamba yuko angani katika helikopta. Kumbe yuko kilimani ndani ya gari lake, na mlio wa helikopta ni wa kuigiza tu. Hata kabla ya msiba kuingia, mwandishi ametuonyesha jinsi sikio linavyoweza kudanganywa kwa kitu kidogo. Halafu mtu huyo huyo asiye mkweli ndiye aletaye habari za kweli, mpaka sauti yake nayo yaanza kurudia rudia neno na kupotea.

Baadaye sauti nyingine yakatiza matangazo, ikisema Kifaransa. Yawaonya watu waache maneno ya mapenzi waliyozoea kuwaita wapenzi wao na watoto wao, na waiache lugha ya Kiingereza kabisa. Na mwisho yakataza onyo lenyewe lisifasiriwe. Lakini limekwisha kufasiriwa, na mtangazaji amekwisha kulisoma hewani kwa Kiingereza. Ndipo twajua kwamba ugonjwa umo ndani ya maneno. Daktari Mendez, aliyeponea chupuchupu akaingia mle ndani, aeleza kwamba ugonjwa haumpati mtu kwa kusikia sauti tu. Humpata wakati anapolielewa neno. Mgonjwa hushikwa na neno moja, hulirudia mpaka maana yake yatoweka, kisha huwaendea wengine kwa ukali. Laurel-Ann apatwa, na wenzake wajifungia katika kile chumba kidogo kisichopitisha sauti, huku yeye akijigonga kwenye kioo. Mahali palipojengwa ili sauti iende mbali ndipo palipo kimbilio la wale wasiotaka kusikia.

Uzuri wa kazi hii uko katika kujizuia kwake. Alama za msiba ni simu iliayo, karatasi isomwayo, na mtu mwenye kusema asiyeweza kuacha kusema, ingawa ajua kwamba kila neno lake laingia katika nyumba za watu. Walioitengeneza hawakuwa wa kwanza kuujua uwezo wa radio. Tarehe 30 Oktoba 1938, huko Marekani, Orson Welles alitangaza mchezo juu ya watu wa sayari ya Mars waliokuja kuipiga dunia, akauweka katika namna ya taarifa za habari, na baadhi ya wasikilizaji wakadhani ni habari ya kweli. Welles alitumia radio kuleta hofu ya kitu cha mbali. Pontypool yaendelea hatua moja, ikasema kwamba cha kuogopwa ni ile kauli itokayo katika radio.

Jambo la pili la kusifiwa ni uchaguzi wa maneno. Mwandishi hakuchagua matusi wala laana, bali maneno ya upole. Hapo mwalimu wa lugha atasimama na kufikiri. Tusi hutunza makali yake, kwa kuwa watu hulitumia kwa kukusudia. Maneno ya upole ndiyo yachakaayo upesi, kwa kuwa husemwa kila saa bila moyo. Tazameni kwetu. Watu husema kwamba asili ya shikamoo ni kuishika miguu ya mkubwa kwa heshima. Leo mtoto huitupa njiani bila kumtazama anayemwamkia, na mzee huitikia marahaba huku akihesabu fedha. Pole husemwa kwa aliyefiwa, na husemwa pia kwa aliyechelewa gari. Maneno haya hayakufa, lakini yamekuwa mepesi, na neno jepesi laweza kujazwa kitu kingine. Hofu ya sinema hii yaanzia katika wepesi huo.

Sasa tuiweke kazi hii ya Kanada karibu na mambo ya kwetu. Hadithi ya msichana na zimwi yajulikana pwani na bara pia. Wasichana wamekwenda kuokota makombe. Mmoja amelisahau kombe lake juu ya mwamba, arudi peke yake, naye amkuta zimwi ameketi pale. Zimwi amtia ndani ya ngoma, aifunga, na kuichukua mji kwa mji. Kila ipigwapo msichana hana budi kuimba, na watu hucheza na kumlipa zimwi kwa chakula. Hakuna chumba cha sinema kilicho kidogo kama ngoma ile. Hofu yake yote ni sauti. Na lenye kutisha zaidi ni kwamba wachezaji huisikia sauti ya mtu anayeteseka wakaiona kuwa muziki mtamu. Mwishowe ngoma yafika mjini kwa msichana, na mama yake aitambua sauti. Watu mia wameisikia, lakini mmoja tu ameisikiliza.

Mfano wa pili ni neno moja. Katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi kilichopigwa chapa kwanza sehemu kwa sehemu na misheni ya Magila, mna habari za Mbega, mtu wa Nguu, nchi ya milima iliyokuwa katika wilaya ya Handeni kabla ya wilaya ya Kilindi kutengwa mwaka 2002. Mbega aliota meno ya juu kwanza. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na kwa kuwa alidhaniwa kuwaletea jamaa zake vifo, desturi ilikuwa kumwua. Mbega aliachwa hai. Lakini wazazi wake walipokufa, ndugu walimnyima urithi kwa ajili ya jina lile. Hawakuhitaji shahidi wala shauri. Kila ambaye ameishi kijijini aujua uwezo wa neno kama hilo, maana hata leo mwanamke mzee akiitwa mchawi mbele ya watu, nyumba yake yaweza kuwa chumba kilichofungwa, ingawa mlango u wazi.

Habari ya Mbega haiishii hapo. Aliikimbia nchi yake, akapanda milima ya Usambara akiwinda nguruwe walioharibu mashamba na kuwagawia watu nyama. Na katika safari ya kwenda Vuga, milimani juu ya Mombo, aliua simba. Watu wakamwita Simbamwene, wakamfanya mtawala wao. Mtu ni yule yule, na meno ni yale yale. Lililobadilika ni jina. Na jina jipya lilikuja baada ya tendo ambalo watu waliliona.

Mfano wa tatu ni wa siku zetu. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilianza Pemba, ikafika Unguja na hata Dar es Salaam, na ilirudi tena katika miaka ya baadaye. Jina lataja bawa, lakini jambo lenyewe halikuwa na umbo la kuaminika. Lilisemwa kwamba huwaonea watu usiku vitandani mwao, na kwamba aliyeonewa huamriwa awaambie wengine, asije akarudiwa. Wasomaji waone jinsi hofu hii ilivyojengwa. Chumba cha kulala ndicho cha hatari, hata watu wakatoka nje wakalala pamoja wakizunguka moto. Na amri ya kusema ndiyo iliyoipeleka hofu nyumba kwa nyumba. Kama mtu angetunga sinema ya Kiswahili yenye mpango wa Pontypool, asingepata mpango ulio bora kuliko huu. Lakini katika siku zile, mjini Unguja, mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na watu waliomdhania kuwa ndiye. Aliyeuawa alikuwa mtu kweli, na mikono iliyomwua ilikuwa mikono ya watu.

Kwa sababu ya kifo kama hicho siwezi kuikubali sinema hii mpaka mwisho. Yasema kwamba neno ni kama kijidudu cha maradhi: lamwingia msikiaji, naye hana uchaguzi. Basi nani atalaumiwa? Mtangazaji hana hatia, maana hakujua. Umati hauna hatia, maana u mgonjwa. Ni fundisho la kupendeza ndani ya chumba cha giza, lakini nje ya chumba ni la hatari, nasi wa Afrika Mashariki tunajua kwa nini.

Huko Kigali, mwaka 1993, ilianza radio iliyojulikana kwa herufi RTLM. Ilipiga muziki ambao vijana waliupenda, na watangazaji wake walisema kwa mzaha na uchangamfu. Katika maneno yao Watutsi waliitwa inyenzi, yaani mende. Tangu Aprili 1994, kwa muda wa siku kama 100, watu wanaokadiriwa na Umoja wa Mataifa kuwa 800,000 waliuawa Rwanda, na radio hiyo ilitaja majina ya watu na mahali walipo. Neno mende si zito. Watoto hulisema jikoni kila siku. Lakini lilirudiwa katika masikio ya watu mpaka mtu alipotajwa hakuonekana tena kuwa mtu. Hakuna sinema iliyowahi kuonyesha jambo hili kwa ukali kuliko lilivyotokea kweli.

Na je, lilikuwa maradhi? Mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha, katika nchi yetu wenyewe, ilikataa. Desemba 2003 iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa radio hiyo, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Katika rufani ya mwaka 2007 baadhi ya makosa yalifutwa na vifungo vikapunguzwa. Lakini msingi wa jambo ulibaki, yaani kwamba mwenye kusema ana deni kwa neno lake, na aliyesikia akachukua panga ana deni kwa mkono wake. Wasomaji watakumbuka habari ya sura ya 12 ya Waamuzi, juu ya watu waliozuiliwa kwenye vivuko vya Yordani wakaambiwa waseme Shibolethi. Watu 42,000 walikufa, wala neno lile halikuwa na ubaya wo wote. Ubaya ulikuwa kwa walioshika vivuko.

Tuiangalie sasa dawa inayotolewa na sinema. Sydney ashikwa na neno la Kiingereza lenye maana ya kuua. Grant amponya kwa kumhimiza aamini kwamba neno hilo maana yake ni busu, kwa kuwa katika Kiingereza maneno hayo mawili huanza kwa sauti moja. Neno likiisha kuvunjwa maana, ugonjwa hukosa pa kushika. Kama mchezo wa akili ni jambo la ustadi, na waigizaji wawili, Stephen McHattie na Lisa Houle, wauchukua vizuri sana. Mtazamaji hutetemeka na kutaka kucheka kwa pamoja. Lakini kama dawa yanikinaisha. Mtu aliyeambiwa kwamba kuua ni kubusu hakupona. Amepoteza neno alilohitaji siku atakapotaka kupiga kelele kwamba jirani anauawa. Wenye kuua hawapungukiwi na maneno laini. Kazi yao ya kwanza ni hiyo hiyo, kuyavunja maneno maana yake na kuita kuua kazi, au usafi.

Hadithi zetu zatoa dawa nyingine, nayo nadhani ni bora. Mama wa msichana hakuivunja sauti ya ngoma. Aliisikiliza mpaka akajua ni ya nani. Watu wa Usambara hawakulifanya neno kigego liwe kelele tupu. Walimpa yule mtu jina jingine lililo kweli, kwa tendo walilolishuhudia. Handeni yenyewe ina mfano ulio karibu. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani hadi Somalia, na wajukuu wao wakakitunza Kizigua huko kwa vizazi vingi. Vita vilipoanza Somalia mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania. Wakapokewa kambini Mkuyu, wilaya ya Handeni, na baadaye wakapewa makazi Chogo katika wilaya hiyo hiyo, na wengi wakapata uraia. Wenyeji waliwasikia wakisema, wakaijua lugha ya babu zao. Kwenye Yordani matamshi yaliua. Handeni matamshi yalifungua mlango. Tofauti haikuwa katika ulimi, ilikuwa katika nia ya aliyesikia.

Liko jambo jingine lihusulo watazamaji wetu hasa. Katika vibanda sinema za kigeni mara nyingi hutazamwa zikiwa na sauti ya mfasiri, mtu aelezaye kwa Kiswahili yale yanayosemwa, akitia mizaha na maelezo yake mwenyewe. Lufufu alivuma Dar es Salaam kwa kazi hiyo. Uganda na Kenya pia wana mafundi wao. Ni sanaa ya kweli, nami siidharau. Lakini fikirini mfasiri wa namna hiyo akiishika Pontypool. Sinema yenyewe imekataza onyo lisifasiriwe, naye amekwisha kuikaidi kabla ya kufika hapo. Zaidi ya hayo, maneno yauayo ni ya Kiingereza, na yeye asema Kiswahili. Kwa hiyo watazamaji wake wote wamekaa upande wa wenye kusema Kifaransa, upande wa usalama. Kwa mara moja tu, yule aliyeshindwa mtihani wa Kiingereza ndiye asiye na hofu! Mtu atacheka, na sinema itapoteza nusu ya nguvu zake. Fundi mwenye akili angefanya vingine: angeyaacha yale maneno machache yalie kwa Kiingereza, kisha angeanza yeye mwenyewe kulirudia neno moja la Kiswahili, polepole, mpaka kibanda kizima kinyamaze.

Hili la kurudia lafika mpaka madarasani mwetu. Katika sinema, dalili ya kwanza ya ugonjwa ni mtu kurudia neno bila kulielewa. Mwalimu gani wa Korogwe au Handeni hakusikia darasa zima likiitikia kwa sauti moja sentensi ya Kiingereza, ambayo baadaye hakuna awezaye kuieleza? Katika shule za sekondari masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, na wanafunzi wengi hujikinga kwa kukariri. Nadhani mtoto aliyezoezwa kusema asichokielewa amezoezwa pia kuitikia asichokipima. Leo ni ubao, kesho ni mkutano wa hadhara, keshokutwa ni ujumbe uliotumwa katika simu ukimtaja mtu kuwa mwizi wa watoto. Sinema yasema kwamba hatari imo katika kuelewa. Mimi, kwa mambo niliyoyaeleza, naona kwamba hatari imo katika kuitikia kabla ya kuelewa.

Basi je, sinema hii yafaa kuonyeshwa? Kwa watoto wadogo haifai, maana ina damu na vifo. Kwa wanafunzi wakubwa wa sekondari na vyuo vya ualimu yafaa, kwa sharti kwamba mwalimu awepo, na kwamba baada yake yawepo mazungumzo. Waulizwe: Ni nani aliyesema? Ni nani aliyekuwa na uwezo wa kunyamaza? Ungekuwa Grant Mazzy, ungelizima lini chombo chako? Kisha wasimuliwe hadithi ya msichana ndani ya ngoma, waulizwe maswali hayo hayo. Wataona wenyewe ni ipi kati ya kazi hizo mbili yenye majibu.

Na kwa vijana wetu wanaotaka kutengeneza sinema nina neno moja. Wengi hulalamika kwamba hawana fedha za kutengeneza mizuka. Pontypool haikuhitaji mizuka. Ilihitaji vyumba vichache, waigizaji wanaojua kusema, na mwandishi aliyefikiri. Vyumba vya namna hiyo viko Korogwe na viko Handeni: nyumba ya udongo wakati wa masika, barabara imekatika na watu watatu wamefungiwa ndani na mvua, au chumba cha mlinzi katika shamba la mkonge, na simu moja iliyobaki na chaji kidogo. Mleteni mtu mlangoni asemaye neno moja la kawaida kwa namna isiyo ya kawaida. Msimwonyeshe upesi. Na mwisho, msimwachie mtazamaji aende nyumbani akidhani kwamba neno lilijisema lenyewe; mwonyesheni kinywa kilichotoka, na sikio lililokubali. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mithali hiyo yamhusu mwenye ulimi, haisemi habari ya maradhi.